Mstari wa Sababu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mkwe wangu, na mjukuu wangu Karani. Natumaini barua hii itawakuta wote wazima, na kwamba lile jino limeacha kukusumbua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukificha meno mabovu mpaka shavu livimbe, na sidhani kama umeacha. Mimi sijambo. Goti bado linalia kama bawaba ya mlango mkuukuu, ila linanifikisha ninakokwenda. Dada yako anakusalimu. Ndiye atakayekukabidhi barua hii, na nimemwomba asiifungue wala asikuulize kilichomo. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa huo upole wako, nami ningepata pa kujificha.

Nianze na kosa ambalo wengi wetu tunalifanya juu ya watoto wenye usonji, maana nimelifanya mimi niliyefundisha baiolojia miaka thelathini na minne. Tunadhani mtoto aliyekaa kimya ametulia. Akirukaruka, akipunga mikono, akivuta nguo za watu, tunasema pana tatizo. Akikaa kitako, mikono magotini, tunasema mambo shwari, tunaendelea na yetu. Lakini kukaa kimya ni jambo la nje, linaonekana kwa macho. Kutulia ni jambo la ndani, na macho hayana kipimo chake. Sungura akiona kivuli cha mwewe naye hukaa kimya. Mweke akilini huyo sungura, nitamrudia.

Najua Jumatatu mtapeleka ile fomu kwenye kituo cha bweni. Sikulaumu. Ninyi wawili mmefanya kazi za zamu miaka mitano, Karani akilelewa kwetu, na binti wa miaka tisa anayesukuma watu vifuani si mzigo mwepesi kwa mtu yeyote. Tena saini ya mlezi kwenye fomu hiyo ni yangu. Ninachotaka ni kwamba kabla hujaipeleka ujue jambo moja ambalo hulijui, kisha uamue wewe na mwenzako. Ili ulielewe, itabidi nikupeleke kwanza kwenye yale mazoezi ya Jumamosi. Najua kila nikikutajia yoga ulicheka ukaniuliza kama tayari nasimama kwa kichwa. Cheka, lakini soma.

Tunafanyia katika chumba kilicho juu ya duka la mpiga chapa. Ngazi ni ishirini na mbili. Karani huzihesabu kwa kugonga ukuta, na ukimrukisha moja itabidi mshuke mwanze upya. Chumba kina madirisha mawili, kapeti ya kijivu iliyochakaa mlangoni, na chini yake mashine ya kuchapa inadunda taratibu siku nzima. Wazazi wengine walilalamikia mdundo ule. Mwalimu wetu, mama mmoja aliyefanya kazi ya mazoezi ya viungo hospitalini kabla ya kuanzisha darasa hili, aliwajibu kwamba watoto wanaupenda, na kwamba chumba chenye moyo ni bora kuliko chumba kisicho nao.

Siku ya kwanza niliingia na gazeti langu kwapani, nikitafuta benchi la kukaa nimsubiri mtoto atengenezwe. Hapakuwa na benchi. Mwalimu alinieleza kwamba aliyatoa makusudi, kwa sababu wazazi humleta mtoto kama wanavyopeleka saa kwa fundi. Pale, alisema, anayemleta mtoto analala mkekani naye. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba nina miaka sabini na moja na goti bovu. Akaniambia kwa heshima zote kwamba sakafu haijawahi kumuuliza mtu umri. Nikalala.

Wenzetu ni familia sita. Nitakutajia wawili tu. Yupo mama wa mapacha, mwanamke mkali mwenye moyo mzuri, ambaye kila akishindwa kugusa vidole vya miguu hututangazia kwamba vidole hivyo vilikuwa karibu kabla ya harusi. Yupo na mlinzi wa benki, baba wa binti mmoja asiyesema kabisa. Yeye hutoka zamu ya usiku akaja moja kwa moja na sare yake, na kila tukifika zoezi la mwisho, lile la kulala chali macho yamefumbwa, huanza kukoroma kabla mwalimu hajamaliza kutoa maelekezo. Nakuomba umkumbuke na huyo.

Mwalimu hatumii maneno mengi. Ana kadi za picha: mlima, mti, paka, jiwe, kisha mtu aliyelala. Anazitundika kwenye kamba kwa mpangilio uleule kila wiki, na mtoto akimaliza zoezi anageuza kadi. Kwa Karani hiyo ilikuwa karamu. Unajua mama yako alimpa jina hilo kwa jinsi anavyopanga viatu na kukagua milango. Basi wiki ya tatu akawa ndiye mgeuza kadi rasmi, na mtu akichelewa kwenye mti humtazama kama mkuu wa ofisi anavyomtazama mhudumu mzembe.

Kati ya zoezi na zoezi mwalimu hutuambia tuitazame pumzi. Nilidhani ni maneno matupu. Mimi nimechora mapafu ubaoni kila mwaka, nimeeleza kiwambo kinavyoshuka hewa ikaingia, kinavyopanda ikatoka, na nimewakata vijana alama kwa kukikosea. Lakini sikuwahi hata siku moja kunyamaza nikasikiliza mapafu yangu mwenyewe. Ndicho anachokitaka: usiisukume pumzi wala usiigombeze, ijue tu kwamba inaingia, kisha ijue kwamba inatoka. Akili ikitoroka kwenda kwenye mambo ya jana, irudishe bila kuichapa. Anasema mtoto wa aina hii huisoma hofu ya mzazi kabla mzazi hajajua kwamba anaogopa, kwa hiyo anayeanza kutulizwa ni mzazi. Mwezi wa pili niliona kweli. Karani aliacha kujiziba masikio pikipiki ikipita, akaanza kulala usiku kucha, na dada yako alinitania kwamba hata mimi siku hizi natafuta miwani yangu bila kumgombeza mtu.

Shida ilikuwa kadi ya mwisho. Watu wakilala chali, wakifumba macho, Karani huinuka. Huenda kwa mmoja akamsukuma kifuani kwa viganja vyote viwili, kwa nguvu, mpaka huyo mtu ashtuke. Kisha huenda kwa wa pili. Mama wa mapacha alisukumwa Jumamosi tatu mfululizo. Ya tatu alisimama akasema kwamba anampenda mtoto huyu lakini yeye si mlango, na kama hakuna wa kumzuia basi atahama darasa. Nilimwomba radhi huku nikiona haya. Wiki hiyohiyo Karani alimsukuma dada yako aliyejilaza kwenye kochi, naye akagonga kichwa kwenye mkono wa kochi, nawe ukaja, na tukazungumza habari za bweni. Ukanipa fomu nijaze upande wa mlezi, kwa sababu ndimi niliyekaa naye. Niliijaza kwenye meza ya jikoni wewe ukinawa mikono. Palikuwa na mstari unaouliza tabia ngumu, nikaandika: husukuma watu. Chini yake palikuwa na mstari unaouliza sababu. Nikaandika: hakuna.

Jumamosi moja baadaye mwalimu aliniita pembeni, karibu na ndoo ya kupigia deki. Alisema amekuwa akimtazama Karani badala ya kumzuia, na ameona jambo. Karani humsukuma kila mtu aliyelala isipokuwa mmoja. Hajawahi kumgusa mlinzi. Humkaribia, husimama kidogo juu yake, kisha humpita. Na mlinzi ndiye pekee anayekoroma. Mwalimu alisema kwa sauti ya chini kwamba, kwa maoni yake, mtoto hapigi watu. Anawakagua. Anayesikika anapumua humwacha. Aliye kimya humsukuma mpaka apumue. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, ni nani aliyelala nyumbani kwetu akanyamaza.

Nilimjibu kwamba bibi yake alifariki miezi mitano iliyopita, lakini mtoto hakuwapo chumbani.

Ule ulikuwa uongo, mwanangu. Nilikuwa nimeuzoea kiasi kwamba ulitoka wenyewe.

Jumamosi iliyopita mwalimu alibadili zoezi la mwisho. Aliwaambia watu kwamba leo tutapumua kwa sauti, kama mtu anayepuliza chai ya moto, na kwamba Karani atapita kutukagua, naye anaruhusiwa kuweka mkono. Mama wa mapacha alisema kwamba kukaguliwa si neno, mradi asikaguliwe uzito. Tukalala. Chumba kizima kikawa kinapuliza. Nilifungua jicho moja nikamwona mjukuu wangu anakwenda kwa mtu wa kwanza, anachuchumaa, anaweka kiganja kimoja juu ya kifua, polepole kama mtu anayegusa pasi ya nguo ili ajue kama ina moto. Akangoja kiganja kipande na kushuka. Akaenda kwa wa pili. Kwa mama wa mapacha alikaa zaidi, na yule mwanamke, mkali vile, machozi yalimtoka pembeni ya macho yakaingia masikioni, lakini aliendelea kupuliza. Karani hakumsukuma mtu hata mmoja. Wa mwisho nilikuwa mimi.

Nilipoona kiganja kile kinakuja nilikumbuka kilikuwa kimezoea kulala wapi. Nilibana pumzi nisilie mbele za watu. Aliweka mkono, akangoja. Kifua hakikupanda. Akanisukuma mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akafanya kitu ambacho hajawahi kumfanyia mtu mwingine pale ndani: alishika mkono wa shati langu akauvuta kuelekea mlangoni.

Sasa nakueleza nilichokuja kukueleza.

Unajua kwamba mama yako, tangu moyo uanze kumsumbua, alikuwa akijilaza kwenye kochi la dirishani kila siku saa nane mchana, na Karani alikuwa akilala pembeni yake na kiganja kifuani pake. Pumzi ya mama yako ilikuwa na kimluzi kidogo mwishoni. Karani alikijua kimluzi kile kuliko daktari. Mama yako alikuwa akisema tumwache, karani anakagua mtambo. Hakuna aliyewafundisha, wala hatukuwa na jina la jambo lile. Walikuwa wawili tu, wanaitazama pumzi moja.

Siku ile nilikuwa barazani nacheza drafti na jirani. Alikuwa amenifunga wiki mbili mfululizo, na siku ile nilikuwa nashinda. Karani alikuja akanivuta mkono wa shati. Nikamwambia asubiri. Akaondoka, akarudi, akavuta tena kwa nguvu, kete mbili zikaanguka. Nikamkemea, nikaziokota, nikazirudisha mahali pake, maana nilikumbuka vizuri zilipokuwa. Akaingia ndani. Aliporudi mara ya tatu alinisukuma kifuani kwa viganja vyote viwili. Nikamshika vifundo vya mikono, nikamkalisha kwenye kiti cha barazani, nikamwekea mikono magotini, nikamwambia kwa ile sauti niliyowatishia vijana mia nne: kaa kimya mpaka nimalize.

Alikaa. Hakutikisika. Jirani alishangaa, nami nikajisifu. Nikamwambia kwamba unaona, watoto hawa wanafundishika, kinachotakiwa ni msimamo. Tuliendelea kama dakika ishirini. Nilishinda mchezo. Ndipo nikaingia ndani kunywa maji nikamkuta mama yako. Nilipotoka nikipiga kelele, Karani alikuwa bado kitini, mikono magotini, macho hayapepesi. Nilikuambia umkumbuke sungura. Ndiye yule.

Nyote niliwaambia kwamba nilikuwa na mama yako, kwamba nilimshika mkono, kwamba aliondoka taratibu. Ulinikumbatia ukanishukuru kwa kumsindikiza mama yako. Nikaipokea shukrani ile. Jirani anajua, na amenyamaza kwa kunionea huruma, hatujacheza tena. Daktari alisema kwa moyo ule pengine pasingekuwa na tofauti. Nimelishikilia neno pengine miezi mitano na leo naliachia, kwa sababu halihusu kosa langu. Kosa langu ni kwamba mtoto wako, asiye na maneno, alizungumza kwa njia zote alizokuwa nazo, mara tatu, kwa ufasaha kabisa, nami niliyesoma vitabu vyote vile nikamjibu akae kimya. Na tangu wiki ile ya mazishi amekuwa akiwasukuma watu waliolala ili isitokee tena. Sisi tukasema ugonjwa umezidi, na mimi, niliyejua, nikaandika hakuna.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha kifo chenyewe, na aliyekuwa anaumbuka kwa ajili yangu ni mtoto.

Jumamosi ile, kwenye zile ngazi ishirini na mbili, nilimweleza mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema kwamba yeye si mtu wa kuambiwa. Wa kuambiwa ni baba mtoto, na kabla yake ni mtoto mwenyewe. Nilimuuliza kama Karani angeelewa. Alinijibu kwamba nimekwisha kukosea mara moja kwa kudhani hajui kitu. Kwa hiyo tulipofika nyumbani nilikaa sakafuni, nikamwambia Karani kwa maneno machache: uliniita, ulikuwa sahihi, babu hakuja, Bibi amekufa, si kosa lako. Hakunitazama. Alipanga viatu vya mlangoni, akavipanga tena. Kisha alikwenda kwenye kabati nilimokuwa nimeficha ndara za mama yako, akazitoa, akaziweka mwisho wa safu. Nimeziacha hapo. Jumatano ulipokuja kumchukua uliziona ukadhani nazeeka.

Sikuombi unisamehe kwa barua hii. Ukitaka kukaa muda usinipigie, nitaelewa. Nitaendelea kulipa karo ya Jumamosi na kulala mkekani, kama ataletwa au hataletwa, maana mlinzi ameniambia nikiacha kuja atabaki mzee peke yake. Wala sisemi kwamba bweni ni baya, au kwamba yoga ni dawa. Usonji hautoki kwa kupuliza chai. Ila mtoto akienda kule na fomu ile watamfundisha kukaa kimya, nao watafaulu, kwa kuwa mimi nilifaulu kwa dakika ishirini. Jambo la kuamua ni lenu wawili. Mimi naomba tu mstari ule usipelekwe jinsi nilivyouandika. Neno hakuna nimelikata hapa mbele ya macho yako. Likate na kule kwenye fomu, uandike sababu yenyewe, kwa maneno yako, kama una nguvu ya kuyaandika.

Msalimie sana mkwe wangu. Mwambie kwamba mtoto wake hajawahi kumpiga mtu hata siku moja. Dada yako atakaa kwenu mpaka kesho, mpeni kahawa. Mungu awalinde, na jino hilo mwoneshe daktari.

Mengine yote yanaweza kungoja, lakini hili lifanye leo, siku uliyoisoma barua hii: lala chali sakafuni karibu na binti yako, pumua kwa sauti, na mkono wake ukija, usiuondoe.

Ni mimi baba yako,
Mwalimu